Bagi ya faiba Malindi: kuimiliki, kuitengeneza na kuiuza

Bagi, gari dogo la wazi la kuendea ufuoni, ni kama magari mawili yaliyofungwa pamoja kwa bolti. Chini kuna sakafu ya chuma ya Volkswagen Beetle, na injini yake ya nyuma, giaboksi na boriti ya mbele. Juu kuna bodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, nyepesi, wazi, isiyo na milango. Muundo huu ulianzia California mwaka 1964, pale Bruce Meyers, mtu aliyezoea kujenga boti za faiba, alipotoa bodi ya kwanza ya Meyers Manx. Viwanda vingi vimeiga tangu hapo, na bodi nyingi zilizopo duniani ni nakala za nakala, kila moja na unene wake na matundu yake.

Kwa safari za Malindi gari hili linafaa sana: Casuarina asubuhi, Mambrui jioni, Watamu mwisho wa wiki. Beetle nayo si mgeni Kenya. Ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na injini yake inafunguka kwa spana chache ambazo kila gereji inazo.

Tatizo ni hewa ya pwani. Faiba haishiki kutu, lakini chuma kilicho chini yake kinashika, na faiba inakifunika usikione. Kwa hiyo shika hili kabla ya lingine lolote: bodi ni kanzu. Kinachoandikwa kwenye logbook (hati ya umiliki wa gari), kinachokubeba barabarani, na kinachopimwa na mnunuzi anayejua kazi, ni ile sakafu ya chuma na namba iliyogongwa juu yake. Anayetunza kanzu akasahau mwili huja kuuza gari linalong'aa kwa bei ya skrepa.

Anza na namba iliyogongwa

Namba ya chasisi ya Beetle imegongwa juu ya uti wa katikati wa sakafu, upande wa nyuma, pale ambapo kiti cha nyuma kingekaa. Namba ya injini iko juu ya kizimba cha injini, chini ya guu linalobeba jenereta. Chukua tochi, brashi laini na kitambaa chenye mafuta ya taa. Safisha taratibu, piga picha namba zote mbili, kisha zilinganishe na logbook tarakimu moja baada ya nyingine. Grainda na msasa visifike hapo. Namba iliyofifia kwa kusuguliwa inafanana na namba iliyochezewa, na hakuna mkaguzi atakayekaa kusikiliza maelezo yako.

Namba hupotea kwa urahisi kwa sababu ya ufupisho. Beetle ina sentimita 240 kati ya ekseli na ekseli. Bodi za mtindo wa Manx zinahitaji sakafu iliyokatwa karibu sentimita 37, ikabaki kama 203. Mkato sahihi hupita mbele ya namba, lakini fundi asiye makini hukata popote, au huchomelea bamba juu ya tarakimu. Kama unanunua bagi na namba haionekani, acha. Usikubali pia hoja ya kuigonga upya gereji. Hilo ni kosa kisheria, na wewe ndiye utakayebaki nalo.

Ukiwa bado chini, kagua mshono wa ufupisho. Weldi inapaswa kuzunguka uti wa katikati na kuvuka sakafu zote mbili bila kukatika, tena iwe na bamba la kuimarisha juu yake. Mshono wenye vishimo kama sponji, au bamba lililoshikwa kwa nukta nukta, hautadumu barabara ya vumbi. Ndani ya uti mnapita mirija ya waya za klachi na mafuta, na fimbo ya gia. Vyote hufupishwa pia. Klachi nzito isiyo na sababu, au pedali ya mafuta inayorudi kwa uvivu, mara nyingi ni mrija ulioungwa ukiwa umepinda. Gia ya pili na rivasi zikikataa, anza kwa kuangalia fimbo kama imeungwa ikiwa imejizungusha kidogo.

Kisha soma logbook yenyewe. Kama bado inasema ni saluni ya rangi nyeupe na wewe una bagi ya kijani, ombi la kubadilisha aina ya bodi na rangi lipelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, gari likakaguliwe, logbook irekebishwe. Ukibadilisha injini, fanya vivyo hivyo. Ni usumbufu, lakini fanya sasa, usingoje siku ya kuuza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na usukani lazima uwe kulia, kwa hiyo bagi nzuri iliyoko Italia haiwezi tu kupakiwa melini ikaja kuandikishwa hapa. Bagi ambayo tayari ina namba ya Kenya na karatasi zinazolingana nayo ina thamani ambayo rangi haiwezi kuongeza wala kupunguza.

Chumvi

Kutu ya bagi huanza pale faiba inapolalia chuma. Ukingo wa sakafu una utepe wa mpira kati yake na bodi. Utepe ukikauka, maji ya bahari na mchanga huingia, yakakaa hapo miezi. Sehemu nyingine za kuchungulia ni chini ya betri, ncha za boriti ya mbele, mahali shokomzoba za mbele zinapofungwa, na pembe za nyuma ambako bodi inashikana na fremu. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya karatasi ya boksi.

Siku uliyokwenda ufuoni ndiyo siku ya kuosha, usisubiri kesho. Na hapa kuna kosa la Malindi: visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi kidogo. Ukiosha kwa maji hayo unaondoa chumvi ya bahari na kuacha chumvi ya kisima. Tumia maji ya mfereji au ya mvua. Pampu ya mgongoni ya lita 20, ile ya kunyunyizia shambani, inatosha sakafu yote ya chini kama utalenga: ndani ya magurudumu, juu ya boriti, nyuma ya ngoma za breki, ukingo wa bodi. Hakikisha matundu ya kutolea maji sakafuni hayajazibwa na mchanga. Kama hakuna, toboa mawili ya milimita 10 kila upande, sehemu ya chini kabisa, upake rangi midomo ya matundu.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua za masika, legeza bolti za ukingo, inua bodi upande mmoja kwa kabari za mbao, uangalie utepe. Kutu ndogo ikwanguliwe hadi chuma kiwe cheupe, ipakwe asidi ya fosforiki, ioshwe, ikauke, kisha ipate rangi ya zinki na rangi ya juu. Wapo wanaomwaga oili chafu chini ya gari kila mwezi. Inazuia kutu kweli, lakini inaozesha mipira ya breki na boriti, inashika mchanga, na inafanya fundi wa weldi akatae kugusa gari. Nta ya kutu inayopuliziwa ni bora zaidi.

Bolti za ukingo ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Zinazoingia kwenye injini au giaboksi zipakwe grisi kwanza, kwa sababu metali mbili tofauti zikilowa chumvi hulana, na hapo metali nyepesi ya injini ndiyo inayoliwa.

Kuhusu breki, kwa ufupi: badilisha mafuta ya breki kila mwaka kwa sababu yananyonya unyevu, na mirija ya chuma ikianza kuota malengelenge chini ya vibanio weka ya shaba na nikeli. Upepo wa matairi uwe mdogo kuliko wa Beetle kamili, kwa kuwa bagi ni nyepesi. Paundi 14 hadi 16 mbele na 18 hadi 20 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Usipande na gari sehemu ya juu ya ufuo, kule kasa wanakotaga.

Umeme kwenye bodi isiyopitisha umeme

Vilio vingi vya bagi vinaweza kumalizwa na mtu mwenye mita na waya mweusi. Gari la chuma hurudisha umeme betrini kupitia bodi yake. Faiba haipitishi kitu. Kila taa, kila honi, kila mota ya waipa lazima iwe na waya wake wa athi unaorudi kwenye chuma. Fundi aliyezoea saluni hufunga athi ya taa kwenye bolti iliyo karibu, bolti hiyo iko kwenye faiba, na taa inakaa gizani.

Dalili ni rahisi kusoma. Taa ya nyuma inawaka hafifu kama mshumaa; ukikanyaga breki, indiketa nayo inapata mwanga; ukiwasha indiketa, taa ya namba inapepesa. Umeme umekosa njia yake ya kurudi, unatafuta njia kupitia taa nyingine.

Tiba ifanywe mara moja, ifanywe vizuri. Vuta waya mweusi wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye hasi ya betri hadi mbele ya gari, na mwingine hadi nyuma. Kila mwisho uwe na bamba dogo la shaba lenye skrubu nane hivi. Kutoka kwenye bamba, kila taa ipate waya wake wa milimita 1.5. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, si kwa meno ya plaisi, vipakwe grisi, vifunikwe. Taa kubwa mbili za wati 55 zinakula karibu ampea 9, kwa hiyo zipewe rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), zisipite kwenye swichi ya dashibodi. Kisha pima: taa zote zikiwa zimewaka, weka mita kati ya athi ya taa na hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, kuna kiungo kibovu, rudi ukitafute.

Kuna waya mmoja unaosahaulika na unaoleta hasara kubwa. Injini na giaboksi vimekaa juu ya mipira, kwa hiyo vinahitaji utepe mnene wa shaba iliyosukwa kutoka giaboksi hadi kwenye fremu. Baadhi ya bagi zilizojengwa upya hazina utepe huo. Bila huo, umeme wa stata unapita kwenye waya wa klachi na waya wa mafuta, ndiyo njia pekee ya chuma iliyobaki, na waya hizo zinaungua ndani ya mirija yake. Kama waya wa klachi unakatika kila baada ya miezi michache, usinunue mwingine kabla hujaangalia utepe.

Nyufa za faiba

Nyufa ndogo zinazotawanyika kama utando wa buibui hutokea pale bodi inapobanwa: kuzunguka bolti za fremu ya kioo, miguu ya kinga ya kupinduka, mabakuli ya taa, na kona za tundu la injini. Chanzo mara nyingi ni washa ndogo na mkono mzito. Faiba haipendi kubanwa nukta moja. Weka washa pana ya milimita 40 upande wa ndani, mpira wa milimita 3 kati ya chuma na faiba, na tundu la bolti liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 1 au 2 ili bodi iweze kusogea.

Ukipaka fila ya gari moja kwa moja juu ya ufa, utauona tena baada ya wiki chache mahali pale pale. Fila haina nyuzi. Inajaza, haishiki. Kwa ufa wa juu tu, uliokaa kwenye jelikoti (tabaka la juu la faiba lenye rangi), chimba kwa ncha ya kwangulio mtaro wa umbo la V hadi chini ya ufa unapoishia, jaza jelikoti mpya, piga msasa. Kwa ufa uliopita hadi upande wa pili, toboa kitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha ili usiendelee, kisha utibu kama tundu.

Tundu la sentimita 10 kwa 10 kwenye bodi ya unene wa milimita 4 linatibiwa hivi. Osha kwa maji baridi na sabuni, acha likauke siku 2 kivulini, kwa sababu faiba iliyonyonya unyevu haishiki rezini. Kama mvua za masika zimeshika, ahirisha kazi. Futa kwa asetoni kabla ya kusaga, vinginevyo utaisukuma nta ya polishi ndani ya nyuzi. Kwa msasa namba 40, saga kutoka ndani ya bodi mteremko wa sentimita 5 kila upande wa tundu, yaani mara 12 ya unene. Watu huukata mteremko mfupi kwa uvivu, na kiraka hung'oka kama gamba.

Nje, funika tundu kwa kadibodi iliyovikwa selotepu ya kahawia na kupakwa nta, ibane ifuate mzunguko wa bodi. Kata mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba vipande vinne: sentimita 20, 17, 14 na 11 kila upande. Kila tabaka linatoa karibu milimita 1. Vipande hivyo vina uzito wa gramu 45, na rezini inayohitajika ni mara mbili na nusu yake, karibu gramu 115. Gawanya mara mbili, gramu 60 kila mara, kwa sababu kwenye joto la Malindi rezini nyingi ndani ya kikombe kirefu hujipasha yenyewe, ikatoa moshi na kuganda kabla hujaichota mara tatu. Tumia sahani pana.

Hadina, kemikali inayoigandisha rezini, ni asilimia 1, yaani mililita 0.6 kwa gramu 60. Pima kwa bomba la sindano la mililita 1, usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Zaidi ya asilimia 2 rezini inakuwa dhaifu kama kaukau. Chini ya 1 huenda isiive, na itabidi uikwangue yote. Fanya kazi kati ya saa moja na saa nne asubuhi, chini ya banda. Jua la saa sita linakupa dakika chache mno.

Paka rezini kwenye mteremko, laza kipande kikubwa kwanza, ukigonge kwa brashi wima hadi weupe wote upotee. Usipake kama rangi, utavuta nyuzi. Weupe unaobaki ni hewa, na hewa ni mahali pa kuvunjika kesho. Endelea na vidogo, pitisha rola ya kutoa hewa, acha. Kesho yake ondoa kadibodi, saga upande wa nje nusu milimita chini ya uso, futa kwa asetoni.

Jelikoti, changanya gramu 40 na hadina mililita 0.6; si lazima uimalize. Ipake mara mbili, jumla iwe karibu nusu milimita. Nene zaidi ya hapo itapasuka yenyewe. Jelikoti ya kawaida haikauki juu inapogusa hewa, kwa hiyo tumia iliyochanganywa nta, au ifunike kwa nailoni laini uliyoikandamiza hewa itoke. Baada ya siku moja piga msasa wa maji: namba 240, 400, 800, 1200. Malizia kwa polishi. Rangi haitafanana na ya zamani iliyochomwa na jua. Chukua sampuli chini ya boneti ya mbele, kisha ongeza rangi nyeupe kidogo kidogo, ukiangalia kipande cha majaribio kilichokauka, kamwe si kibichi.

Hadina ikikuingia jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani, weka maji safi karibu, na ikitokea, osha jicho dakika 15 bila kukoma huku ukipelekwa hospitali. Kama rezini yako inauzwa na kiongeza kasi cha kobalti pembeni, hadina na kobalti zisikutane peke yake hata tone. Mchanganyiko huo hulipuka. Koroga kobalti kwanza ndani ya rezini yote, ndipo uongeze hadina. Vumbi la kusaga ni la kioo: barakoa, mikono mirefu, na baadaye oga kwa maji baridi kwanza.

Injini, kwa ufupi

Oili ni lita 2.5 tu, na injini inapoozwa kwa hewa, kwa hiyo oili hiyo inafanya kazi ya rediweta pia. Ibadilishe kila kilomita 5,000, ukitoa chujio la chini lenye nati sita. Zibane kwa upole, nyuzi zake zinang'oka. Nafasi ya tapeti za vali iwe milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo fanya kazi hiyo alfajiri. Mabati yanayozunguka silinda yasiondolewe hata kama injini iko wazi na yanaonekana kama pambo: ndiyo yanayoelekeza upepo. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka njiani, simama papo hapo. Mkanda ukikatika feni inasimama na injini haifiki mbali.

Mpira wa petroli ubadilishwe kila mwaka. Chujio la petroli lisikae juu ya injini. Faiba ya rezini ya poliesta inashika moto na haizimiki kirahisi, kwa hiyo kizimamoto cha unga cha kilo 2 kikae pale mkono wa dereva unapofika.

Kuuza

Malindi ina majira yake. Kutangaza bagi mwezi wa tano, mvua ikinyesha na wageni wameondoka, ni kumwita mnunuzi wa bei ya chini. Iandae wakati huo, itangaze kuanzia Novemba, au Juni mwishoni kabla ya wageni wa Julai na Agosti.

Bei usiitoe hewani. Andika thamani ya vitu vinne, kimoja kimoja: sakafu na karatasi zake, injini na giaboksi, bodi, na vya ziada kama viti na rimu. Kisha toa gharama ya kila kasoro kwa bei halisi ya fundi, si ya kubahatisha. Karatasi zisizolingana na gari zitolewe kwanza, kwa sababu mnunuzi makini atazitoa yeye kwa kiasi kikubwa zaidi.

Pima kabla ya kupimwa. Mgandamizo wa silinda nne, injini ikiwa moto, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho: paundi 100 na zaidi ni afya, na tofauti kati ya silinda inasema mengi kuliko namba yenyewe. Kisha, injini ikiwa imezimwa, shika puli ya chini kwa mikono miwili, isukume na kuivuta. Mchezo unaoruhusiwa ni milimita 0.15. Ukisikia inagonga "tak, tak", injini inahitaji kufunguliwa, na mnunuzi anayejua Beetle ataishika hiyo puli kabla hajakuuliza jina.

Picha 20 zinauza kuliko maneno: pande nne, mshono wa ufupisho, sakafu kutoka chini, ukingo wa bodi, injini kwa mbali na kwa karibu, nyaya nyuma ya dashibodi, na kila ufa. Ufa ulioonyeshwa kwenye tangazo hupunguza bei kidogo. Ufa uliogunduliwa na mnunuzi aliyesafiri kutoka Nairobi unamfanya ashuku na yale usiyoyaficha. Picha ya namba ya chasisi mpe anayekuja kweli, usiitupe mtandaoni.

Akija, injini iwe baridi. Mwache aiwashe mwenyewe. Endesha wewe kwanza, kisha yeye, baada ya kuona leseni yake na kuhakikisha bima inamhusu. Mpitishe kwenye lami na kwenye vumbi.

Malipo yaende benki kwa benki. M-Pesa ina ukomo wa shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, inafaa kwa amana. Hundi isihesabiwe kuwa pesa hadi benki yako iseme imeingia. Mkataba uandikwe nakala mbili: majina kamili, namba za vitambulisho au pasipoti, PIN za kodi za KRA, namba ya gari, ya chasisi, ya injini, bei, kasoro zilizotajwa, mashahidi wawili, na tarehe pamoja na saa ya kukabidhi. Saa ni muhimu. Bagi ikigonga bodaboda jioni ile ile, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa mmiliki saa kumi na moja.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji mtandaoni kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, na mnunuzi anaukubali kwa akaunti yake. Mgeni mkaazi anahitaji PIN kabla, kwa hiyo muulize mapema. Sheria ya Trafiki inamtaka mmiliki aliyeandikishwa atoe taarifa ndani ya siku 7 tangu kuuza, na gari lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kuandikishwa. Sheria hiyo hiyo inamhesabu aliyeandikwa kwenye logbook kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Ombi la "nitabadilisha nikifika Nairobi" likataliwe kwa upole, mbele ya chai, kabla ufunguo haujatoka mkononi mwako. Siku hiyo hiyo ijulishe kampuni yako ya bima.

Kama bagi inakwenda Nairobi, ipakiwe kwenye lori. Ifungwe kwa mikanda inayoshika boriti ya mbele na fremu ya nyuma, kamwe isipite juu ya bodi. Mkanda uliovutwa juu ya faiba kwa kilomita 600 utaichana kwenye kona za tundu la injini. Mpe mnunuzi picha zote za matengenezo, utepe wa mpira uliobaki, na kipande kidogo cha faiba chenye jelikoti ya rangi ya gari. Kopo la jelikoti yenyewe usimpe, maana kwenye joto hili inaganda ndani ya miezi michache. Kwa kipande kile fundi yeyote ataweza kuchanganya nyingine.